Nyumba ya Miti na Udongo Milimani Mapera

Mwezi huu tupande pamoja hadi Mapera, katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Huku macho hayashibi: mteremko baada ya mteremko umechimbwa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isichukue udongo, na karibu yake mibuni. Kahawa imelimwa milimani humu tangu miaka ya 1920, nayo ndiyo iliyobadili nyumba. Familia ikiuza vizuri, jambo la kwanza ni matofali ya kuchoma na bati.

Nyumba ya zamani ya miti na udongo basi hubaki nyuma ya ile mpya, ikawa jiko au chumba cha bibi. Vijana huionea haya. Mimi nilipokaribishwa ndani ya mojawapo nilikaa kitako nikaitazama. Nguzo zimechimbiwa ardhini, fito zimelazwa ndani na nje na kufungwa kwa kamba za magome, na katikati umeshindiliwa udongo. Miti ni kazi ya baba na jirani zake. Kuteka maji, kukanda udongo kwa miguu, kukandika na kusiriba upya nyufa zikitokea, hiyo ni yetu, ingawa fundi anayesifiwa ni baba! Juu ya mafiga upo uchaga wa mahindi, moshi ukiyakinga na wadudu, na boriti zote ni nyeusi kwa masizi. Bibi mwenye nyumba alisema wanawe wamemjengea chumba cha matofali, lakini baridi ya Juni humrudisha kwenye mafiga. Tusifichane, moshi huohuo huumiza macho na kifua cha mama na cha mtoto aliye mgongoni.

Anayeidharau nyumba ya namna hii asikie habari za Uingereza. Wakulima wa huko nao walijenga kwa miti na udongo. Iko nyumba moja ya shambani iitwayo Bayleaf, iliyojengwa Kent mwanzoni mwa karne ya 15. Nguzo zake ni za mwaloni, mti tunaousoma katika habari za Ibrahimu, zimeunganishwa kwa vigingi vya mbao. Kati ya nguzo zimesukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Moto uliwashwa katikati ya sebule, bila dohani, moshi ukapanda darini. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mahali pake palipotakiwa kwa bwawa la maji, mafundi waliifungua kipande kwa kipande, na baadaye ikasimamishwa tena katika makumbusho ya Singleton, Sussex. Watu hulipa kiingilio kuiona.

Kwa nini hiyo imeishi miaka 600, na yetu huanza kuinama watoto wangali shuleni? Udongo ni udongo. Mwaloni ni mgumu, kweli, na mchwa wa kwetu hawako kule. Lakini tazama miguu. Nguzo za kule hazigusi ardhi: zimesimama juu ya boriti nene iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Zetu huingia ardhini, na hapo unyevu na mchwa huzila kutoka chini, hali juu bado ni nzima.

Mama mwenye nyumba kama hii, kabla hujakubali ibomolewe, mwambie fundi achokonoe miguu ya nguzo kwa panga. Iliyooza ikatwe, iwekewe mawe chini. Upande wa mlimani uchimbwe mfereji, paa liongezwe upenu upite ukuta, na juu ya mafiga litobolewe dirisha la moshi. Mawe yapo, na hayahitaji kuni za tanuri kama matofali. Kazi ianze Juni, kahawa ikiwa inachumwa, au mara baada ya hapo, maana mvua za Novemba hazimsubiri fundi.