Mbiu na Jambo: Tafakuri Kuhusu Matangazo ya Ibada

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama wito kwa hadhira itege sikio. Kwa maoni yangu, inamwajibisha zaidi mpiga mbiu: asiipulize pasipo jambo, na jambo likiwapo asilizamishe katika kelele.

Fikira hii ilinijia kwetu Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mkono wa bahari unaotutenga na mji wa Kilifi. Katika kanisa moja la huko, matangazo yalikuwa yakikaribia urefu wa mahubiri: mazoezi ya kwaya, harambee ya paa, kikao cha akina mama, gari lililoziba njia, kila moja kwa Kiswahili, kisha Kigiriama. Jumapili moja, habari za kijana aliyefariki zilisomwa baada ya hilo gari. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka na wazee wanatafuta bakora zao. Siku ya maziko, wachimba kaburi hawakutosha. Majirani waliulizana iwapo msiba ulitangazwa. Naam, ulitangazwa; ila haukusikika.

Si kwamba makanisa hayakuliwazia suala hili. Taratibu za Misa ya Kikatoliki huruhusu matangazo mafupi baada ya sala ya mwisho ya komunyo, kabla ya baraka. Waanglikana nao wana desturi ya kutangaza ndoa kwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi akitaje. Hapa tangazo si habari tupu, bali ni tendo linalosubiri jibu. Mwanafalsafa J. L. Austin alishikilia vivyo hivyo kuwa kusema ni kutenda. Tangazo la msiba huomba majembe, maji, kuni na mabega ya kubeba jeneza.

Yamkini msomaji atasema kwamba kila kikundi hupenda jina lake litajwe kanisani, na kulinyamazia ni kukivunjia heshima. Hoja hiyo ina uzito, kwani kutajwa ni kutambuliwa. Hata hivyo, ubao ulio mlangoni waweza kubeba ratiba ya kwaya. Hauwezi kubeba kilio cha mama. Kwa hivyo, msiba utangulie. Msomaji apitie maandishi yake kabla ya ibada, aseme ni nani, wapi, lini, na waumini wanaombwa nini. Yaliyo ya dharura ndiyo yarudiwe kwa Kigiriama, polepole, kwa ajili ya ajuza aliyeketi nyuma.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili huchambua hotuba za watawala na tenzi za kale kwa bidii ya kupigiwa mfano. Karatasi anayokabidhiwa katibu wa kanisa dakika chache kabla ya ibada ni matini pia, na kuna mtu ambaye maziko ya mwanawe yanaitegemea. Tujitolee kuiandika.