Ubao Uliomo Ndani ya Redio

Mwaka 1991, nikiwa kidato cha pili, redio ya mama yetu iliacha kusema. Usidhani, msomaji, kwamba jambo hilo lilikuwa dogo. Kila jioni mama alisikiliza matangazo ya vifo, na kwa njia hiyo alijua nani amefariki na siku ya maziko. Majuma mawili redio ikiwa bubu, rafiki yake wa utotoni alizikwa pasi na yeye kujua. Mama hakumlaumu mtu. Aliifunika redio kwa kitambaa cheupe, akanyamaza.

Basi nikajipa ufundi nisiopewa na mtu. Mama alipokwenda shambani nilitoa betri, nikaifungua redio. Nilitaraji kukuta nyaya zilizosokotana; nikakuta ubao mwembamba wa rangi ya kahawia. Upande mmoja vyombo vidogo vilisimama kama nyumba za kijiji. Upande wa pili zilipita njia za shaba nyekundu, zikipinda huku na huko bila kugusana isipokuwa mahali palipotakiwa.

Huo ndio ubao wa saketi. Wenyewe haupitishi umeme. Kiwandani hubandikwa karatasi ya shaba, na katika mbao nyingi unene wake ni sehemu 35 tu katika elfu za milimita moja. Njia zinazotakiwa hufunikwa kwa rangi isiyolika, kisha ubao hutiwa katika maji ya kloridi ya chuma, nayo hula shaba yote iliyo wazi. Kinachosalia ndicho ramani ya umeme. Zamani kila waya uliungwa kwa mkono mmoja mmoja, kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, ni mmoja wa walioonyesha kwamba njia hizo zaweza kuchapwa, kama ukurasa huu unaosoma.

Ugonjwa niliuona upesi: ufa mwembamba kama unywele ulizunguka mguu wa chombo kimoja, pale palipolehemiwa. Nikatia chuma cha kulehemu katika makaa, nikakigandamiza pale. Ole wangu! Nilikikawiza mno. Gundi ililegea kwa joto, na kipande cha njia kikabanduka kikajikunja mbele ya macho yangu. (Fundi wa kweli hugusa kwa nukta mbili tatu tu, kisha huondoa mkono, hayo niliyajua baadaye.)

Nilikaa kitako nikitokwa na jasho. Hatimaye nikawaza: ikiwa njia imekatika, si nijenge daraja? Nikakata kipande cha waya, nikalehemu ncha moja huku na nyingine kule, nikarudisha betri.

Mama alisikia sauti akiwa bado mlangoni. Alitua kikapu, wala hakuuliza nani ameitengeneza. Aliketi karibu nayo, akaninyoshea kidole ninyamaze, kwa maana saa ya matangazo ilikuwa imewadia.