Nyigu wa Mzee

Tulimzika Mzee, aliyenifundisha kazi ya askari wa wanyamapori, siku ya Ijumaa, baada ya swala, kijijini kwake nje ya mji wa Kilosa. Kwenye salamu za rambirambi akasimama bwana mmoja tuliyefanya naye kazi idarani, akasema marehemu alikuwa hodari wa shabaha, ila hakupenda mambo mapya. Nikanyamaza, maana msiba si mahali pa ubishi. Sasa nimestaafu, na kalamu ninayo.

Utoto wangu niliumaliza juu ya dungu. Nina miaka saba nilishakabidhiwa kombeo na debe bovu niamie mahindi ya baba tangu alfajiri. Nikasoma kidogo, nikapita chuo cha Pasiansi kule Mwanza, na mwaka 1981 nikarudi wilayani kwetu askari wa wanyamapori. Wajukuu wananidai hadithi za tembo. Tembo ana .458 yake, hakuna wa kubishana naye. Kazi yetu ya kila wiki ilikuwa nyani, na ubishi wote ulikuwa hapo: nyani apigwe kwa risasi gani?

Stoo ilikuwa na majibu matatu. Kulikuwa na shotigani, ambayo ikipita mita 40 marisau yake yanatawanyika, na nyani anaondoka na majeraha ya kumuua taratibu porini. Kulikuwa na .22 ya kawaida, risasi zake rahisi, zimejaa makasha. Na kulikuwa na raifo moja ya .22 Hornet, iliyobaki wilayani baada ya mashamba ya mkonge kutaifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967. Mzee aliiita Nyigu. Hakuna mwingine aliyeigusa.

Siku yangu ya kwanza alizipanga risasi mbili juu ya mkeka.

"Shikamoo, Mzee. Hizi si sawasawa?"

"Marahaba. Tundu la mtutu ni karibu sawa, mwanangu. Mbio ndizo mbalimbali."

Ile ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 na hutoka kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde, au zaidi kidogo. Ya Nyigu ina gramu 2.9 tu, lakini hutoka kwa mita 800 na ushee. Nilidhani ananifundisha nguvu ya kuua, kumbe alikuwa akinifundisha usalama wa jirani. Risasi ya mwendo mdogo ikigonga udongo mkavu au jiwe huruka upya, na ile ndogo ya .22 huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya Nyigu, yenye ncha laini ya madini tupu ya risasi, ikigusa kitu kwa mbio zile hupasuka vipande. Inamaliza kazi ndani ya nyani, au inavunjikia ardhini.

Udhaifu wake ulikuwa umbali. Ikipita mita 150 huanza kuanguka haraka na upepo kuichezea. Mzee alilijua hilo, kwa hiyo alisogea. Nyani humkimbia mwanamume, lakini mwanamke anaweza kumpigia kelele mpaka sauti ikauke. Basi Mzee alijitanda kanga mbili za mkewe, Nyigu kaificha ndani, akaingia shambani ameinama kama anayepalilia. Tulicheka. Alipiga mmoja, dume, na kundi lote likahama kwa majuma.

Miaka ya themanini ikaletwa raifo ya .223, ina darubini, gramu 3.6 kwa karibu mita 990 kwa sekunde. Mimi nikaipenda kupita kiasi. Nikamwambia Mzee zama za kanga zimekwisha, nitapiga nimekaa. Akaniuliza swali moja tu: "Risasi zake zina ncha gani?" Sikujibu, kwa sababu sikuwa nimetazama. Mnunuzi wetu alileta zilizokuwa rahisi, zilizovikwa shaba mpaka nchani kama za jeshi. Sitamtaja, kosa la kutotazama lilikuwa langu.

Nyani alikuwa juu ya kichuguu, hatua 180. Nilimpata kifuani. Risasi ikampita kama sindano kwenye shuka, ikavuka shamba, ikapasua mtungi wa maji mlangoni mwa jiko la mama mmoja, ikazama kwenye ukuta wa tope. Mama alikuwa ametoka jikoni muda si mrefu. Mzee hakunigombeza. Alinishika mkono, tukatembea pamoja kutoka kichuguuni hadi ukutani tukihesabu hatua kwa sauti, akakitia kidole changu kwenye lile tundu.

Bado nabishana naye, hata kaburini. Ukiwa juu ya dungu, unapiga kwenda chini, udongo uko nyuma ya mnyama, .223 yenye ncha laini ni bora kuliko Nyigu, hasa ikipita mita 150. Yeye hakukubali mpaka anastaafu. Lakini kusema alichukia mambo mapya ni uzushi. Alichukia mtu asiyejua risasi yake itaishia wapi.

Vijana wa leo wananisomea mbio za risasi kwenye simu, namba tupu. Nawauliza nyuma ya nyani kuna nini, wananitazama. Jamani, nendeni shambani kwanza bila bunduki. Tazameni njia ya kisimani, jiko, watoto wanapopita kwenda shule. Kisha fungueni kasha mtazame ncha, ndipo mchague kaliba. Na kama hakuna udongo nyuma yake, mwacheni ale hayo mahindi.

Mtungi nilimlipa yule mama kwa mshahara wangu. Tundu lilibaki ukutani mpaka nyumba ile ilipobomolewa.