Gego Lililokwama Ufizini

Katika miaka yangu ya kutibu meno ya watoto Dar es Salaam, wazazi walionigusa zaidi ni wale wa watoto wenye sindromu ya Down. Mtoto huota jino la kwanza akikaribia miezi sita. Hawa hutimiza mwaka, pengine miwili, ufizi ungali mtupu, na meno yote 20 ya utoto huweza kukamilika wakiwa na miaka minne au mitano. Tena hayafuati zamu. Gego laweza kutangulia meno ya mbele.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwaomba watu wasubiri. Mtoto akiharisha huku ufizi umevimba, hakosi jirani wa kusema ana meno ya nailoni, apelekwe kwa fundi. Kinachong'olewa huko ni chipukizi la chonge, bila ganzi, na chonge ya ukubwani inayojijenga chini yake huweza kuharibika pia. Hasira ya jambo hilo haijanitoka.

Lakini kuna meno yanayokwama kweli. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miaka sita ambaye gego lake la pili la chini halikuwa limetokeza. Nilipopapasa, ufizi ulikuwa mnene na mgumu, na chini yake nikahisi ncha za jino. Eksirei ikaonyesha gego limesimama wima, halina mfupa juu yake.

"Si ulipasue leo hii, daktari?"

"Bibi, tuujue moyo wake kwanza."

Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu huweza kwenda kuushambulia. Daktari wa moyo akaagiza apewe antibayotiki kabla ya upasuaji. Daktari wa usingizi naye aliishika shingo kwa uangalifu, maana kano za pingili mbili za juu huweza kuwa zimelegea.

Nilikata ufizi uliofunika jino, nikaondoa nyama ngumu mpaka sehemu yote ya kutafunia ikaonekana. Sikuling'oa: gego la utoto hutunza nafasi ya jino la ukubwani, na likitoka mapema, majirani husogea kuziba pengo. Likapanda taratibu. Hata hivyo niliendelea kumwita kliniki, kwa sababu gego la upande wa pili nalo lilikuwa likisuasua.