Kutafuta Tempo Ugenini: Walimu wa Nje Kagongwa na Kahama

Tempo ni kazi ya kushika vipindi kwa muda, mwenye somo akiwa likizo ya uzazi, mgonjwa au masomoni. Kwa mlango huo walimu wengi wa Kenya na Uganda waliingia shule binafsi za Kanda ya Ziwa, zikiwemo za Kahama, manispaa ambayo Kagongwa ni kata yake kwenye barabara kuu itokayo Isaka.

Soko la walimu hao si la zamani. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikahimiza shule binafsi; kisha ikafunguliwa migodi ya Geita (2000), Bulyanhulu (2001) na Buzwagi (2009). Wazazi waliopata fedha za dhahabu na mpunga walitaka watoto wao wafundishwe kwa Kiingereza, na walimu wa msingi waliosomea ualimu kwa Kiswahili hawakutosha. Kenya, kwa upande wake, ilikuwa imesitisha ajira mpya za walimu mwaka 1998, vijana wenye vyeti wakabaki nyumbani.

Miaka hiyo mwalimu alivuka Sirari au Mutukula na vyeti vyake kwenye bahasha, akapita shule kwa shule akibisha hodi kwa mwalimu mkuu. Usaili ulikuwa kufundisha: alipewa chaki na darasa, mwalimu wa taaluma akiketi nyuma. Akiridhisha, aliweza kuanza kesho yake. Kiingereza hakikumsumbua. Kazi ilikuwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo kwa mtindo wa Tanzania, kuujua mtihani wa Darasa la Nne na wa Saba, na kuzoea shikamoo za watoto kila alipopita. Malipo yalikuwa ya makubaliano ya mdomo, na hapo ndipo alipoumia zaidi: asiye na kibali alidhulumiwa ujira akanyamaza, kwa kuwa kushtaki kulikuwa kujitaja mwenyewe. Haikuwa haki, hata kama mlango ulikuwa wazi.

Sheria haikuwa kimya hata wakati huo. Sheria ya Elimu ya 1978 ilitaka kila anayefundisha awe amesajiliwa au ana leseni. Lakini mabadiliko makubwa yaliletwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Sasa mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, akionyesha kuwa amemtafuta Mtanzania akamkosa, na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania nafasi hiyo. Kibali cha ukaazi hufuata, kutoka Uhamiaji. Kulinda ajira za wenyeji ni jambo la haki. Ila hakuna shule itakayobeba gharama na mlolongo huo kwa ajili ya likizo ya uzazi ya wiki kumi na mbili.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania nayo ilisimamisha ajira kwa muda, na wahitimu wa ualimu wakaongezeka mitaani. Vipindi vya muda vikawa vyao, wengine wakifundisha kwa kujitolea huku wakisubiri kupangiwa vituo. Mwalimu wa nje anayeitaka Kahama leo hutuma vyeti angali kwao, huomba nafasi ya mkataba, hasa hisabati au sayansi, na husubiri kibali kabla ya kupanda basi.