Miaka Mitatu Mlimani, Mlima Sijauona

Najua nimepotea, msinipige mawe. Zilikuwa test, zikaja asaimenti za kukimbizana, boom likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki shajara. Leo UE iko wiki tatu mbele, na badala ya kufungua madesa nimetandika ramani ya Tanzania kitandani. Ninayo sababu. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mie mtoto wa Bagamoyo. Nimezaliwa pale, nimekulia pale, mahali ambapo ukitaka kuona mbali unatazama baharini, maana upande wa nchi kavu ni minazi na ubapa tu. Magharibi kabisa nilikowahi kufika ni Chalinze. Halafu nasoma ualimu, na somo langu la kwanza la kufundishia ni Jiografia! Nilipompigia mama kumwambia nataka kwenda kuona milima, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, miaka mitatu uko Mlimani, mlima gani tena unautafuta?" Nilikosa jibu. Huu Mlima wetu wa chuo jasho lake ni la joto la Dar tu.

Sasa sababu yenyewe. Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa BTP katika sekondari moja ya mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Nilipewa kidato cha kwanza, mada ya sura ya nchi. Nikachora volkano ubaoni kwa chaki nyekundu, nikaweka kreta, nikaweka lava, yaani mwenyewe nikajipenda. Nikataja Kilimanjaro, Meru, Rungwe. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, ukisimama kwenye mlima wa volkano, ardhi inakuwa ya moto?" Kabla sijajibu akaongeza: "Mwalimu, wewe ushafika?"

Jamani, nyuma ya darasa amekaa msimamizi wangu na karatasi yake ya alama. Nikasema, "Eeh, nimefika Rungwe. Udongo unakuwa na uvuguvugu kidogo."

Yule binti akainama, akaandika kwenye daftari.

Angecheka, au angebisha, ningeshalisahau. Lakini aliandika. Alama nilipata nzuri tu, tena msimamizi aliandika kwamba natumia mifano hai. Mifano hai! Usiku ule nikamsimulia kwa simu mshkaji wangu wa chumbani, mwana wa Tukuyu, aliyekulia chini ya mlima huo huo. Alicheka mpaka nikamkatia. Baadaye akaniambia taratibu: "Chemchemi za maji moto mkoa wa Mbeya zipo. Ila udongo wa Rungwe, mwezi huu wa saba, weka mguu peku uone. Utavaa soksi mbili."

Mtauliza, si ungerudi darasani kesho yake ukasahihisha? Niliona aibu, na wiki mbili baadaye BTP ikaisha. Na je, sasa si nimpelekee ujumbe tu kwamba udongo ni wa baridi? Hapana. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemdesa mwana wa Tukuyu. Kwanza nilidesa kichwani mwangu, halafu nidese kwa rafiki, na binti wa watu abadilishe neno moja kwa lingine bila mwalimu wake kujua lolote. Sasa yuko kidato cha pili, na Novemba ana mtihani wa taifa. Nataka niende, nirudi, nisimame mbele yake.

Ndiyo ikazaliwa safari: Dar mpaka Tukuyu kwa barabara, takriban kilomita 900, mara tu baada ya UE. Tuko watano. Kuna mwana wa Tukuyu, ambaye ndiye mwenyeji wetu, dada mmoja wa Historia, jamaa wawili wa Hisabati, na mie. Mmoja wa Hisabati tumempa cheo cha Mweka Hazina kwa sababu ndiye pekee ambaye boom lake hufika mwisho wa mwezi.

Vita ya kwanza ilikuwa basi la usiku. Tangu 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa kutembea usiku, na Mweka Hazina akapiga hesabu zake: tukiondoka jioni tunalala ndani ya basi, tunaokoa hela ya gesti, asubuhi tuko Mbeya. Hesabu haina kosa. Nikamwambia, ndugu yangu, mie naenda kuona! Nikipita Mikumi nimelala, nikipita Kitonga nimelala, nitakuwa nimetoka Bagamoyo na nimefika Tukuyu, na katikati hakuna nchi. Tukabishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana mchana, tena kwa vipande viwili: siku ya kwanza Dar mpaka Iringa, kama kilomita 500, tulale, siku ya pili Iringa mpaka Tukuyu, kama 400. Ile hela ya gesti nimekubali kuifidia kwa kuwapikia wote wiki nzima ya UE. Niombeeni.

Vita ya pili ilikuwa siti, na hapo wadau nilijisikia msomi. Wote walitaka dirisha, upande wowote. Nikawaambia tulieni. Mwezi wa saba jua liko kaskazini, na sisi kwa sehemu kubwa tunaelekea magharibi, kwa hiyo litapiga kulia. Kushoto ni kivuli. Kushoto pia ndiko iliko milima ya Uluguru tukikaribia Morogoro, na Udzungwa baada ya Mikumi mjini. Na siku ya pili, tukishakata kona ya Uyole kushuka kusini, Rungwe yenyewe iko kushoto. Mwana wa Tukuyu akafumba macho, akaipita njia nzima kichwani, akasema: "Kweli kabisa, na nimepita mara nane sijawahi kufikiria." Tutakata tiketi za kushoto.

Nimetengeneza daftari la njia. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kutoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, siku hizi si Ubungo tena. Chalinze nitaiaga kama mtu anayeruka mpaka. Baada ya Morogoro barabara inakatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, wanyama wako hapo hapo pembeni, na dereva akimgonga mmoja kuna faini. Halafu Ruaha Mbuyuni, bonde la joto lenye mibuyu mpaka uchoke, na vitunguu vimepangwa barabarani. Halafu ndiyo Kitonga, ukuta wa mlima ambao malori yanaupanda kwa mwendo wa kinyonga. Mwana wa Tukuyu anasema hapo hata abiria wazungumzaji hunyamaza. Ukishamaliza kupanda, hewa inabadilika kama mtu aliyefungua friji.

Dada wa Historia ana daftari lake. Kabla ya kufika Iringa mjini kuna mnara wa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwachapa Wajerumani mwaka 1891. Yeye anataka pia twende Kalenga kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Amesema kama mie naenda kugusa udongo, yeye anaenda kusimama mbele ya kitu ambacho ameshakijibia maswali ya mtihani mara nne. Kumbe ugonjwa huu hauko kwangu peke yangu.

Siku ya pili ni misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, upepo wa Makambako, Uyole, kisha viazi na migomba mpaka Tukuyu. Rungwe ina mita kama 2,960. Kwa kanuni tuliyofundishwa, joto hupungua karibu nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000. Mie niliyezoea nyuzi 30 za Bagamoyo, kule juu nitabakiwa na ngapi? Pigeni hesabu, halafu muone kwa nini nimenunua koti la mtumba Karume wakati huku watu wanalala na feni.

Kila mmoja anachanga Sh. 200,000, nauli, gesti na chakula humo humo. Hapa ndipo paliponiuma. Mama anauza samaki, na bati za kibanda chake zimetoboka. Boom hili nilikuwa nimeliahidi kwenye hizo bati. Sikuweza kumficha. Nikampigia tena, safari hii nikamsimulia yote, darasa, chaki nyekundu, yule binti na daftari lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anicheke kama mwana wa Tukuyu. Akasema: "Umemwambia mtoto wa mwenzio uongo, naye akauandika. Nenda ukaumalize. Mvua zenyewe bado." Halafu akaniuliza kama kule kuna samaki.

Kwa hiyo mizigo yangu ni hii: koti, soksi pea nne, daftari, na kipimajoto kimoja nilichonunua Kariakoo. Nitakichomeka kwenye udongo wa Rungwe asubuhi, nitakichomeka mchana, nitaandika. Wakati wa kurudi wenzangu wataendelea mpaka Mbezi, mie nitamwomba konda anishushe kwenye njia panda ya ile shule. Barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule nimeshaandika, nimeirudia mara tatu. Sehemu ngumu ni ile inayoeleza sababu ya kuja. Nimeandika "kurekebisha somo." Nikafuta. Nikaandika "kurekebisha kosa langu." Nimeiacha hivyo.

Wadau wa Iringa, gesti safi ya bei ya mwanafunzi iko mtaa gani? Na wa Mbeya, nielezeni ukweli, koti moja linatosha?

Naishia hapa, kuna desa linanikodolea macho. Nikirudi nitawaambia kipimajoto kilisoma ngapi.