Kipimo cha Mama Hakimtoshi Mtoto

Sisi mafundi wa Kawe mmetuzoea kwa magauni na mitandio. Leo tunazungumzia watoto, maana bi harusi wa leo ni mama wa kesho, inshaallah.

Mtoto wa mteja wetu, miaka 4, alianguka ngazini, akapoteza fahamu na kutapika. Daktari akaagiza CT skani ya kichwa. Bibi yake akakataa: "Mionzi itamharibu mjukuu wangu." Tulikuwa nao, tukamwomba mtaalamu wa mionzi atueleze.

Hofu ya bibi haikuwa ya bure. CT skani ya kichwa humpa mtu mionzi sawa na ile ya asili anayoipata kwa miezi kadhaa. Mwili wa mtoto bado unakua na umri mrefu uko mbele yake, hivyo hatari ya saratani baadaye, ingawa ni ndogo, kwake ni kubwa kuliko kwa mtu mzima. Lakini damu ikivuja ndani ya kichwa, inaweza kuua kwa saa chache. Kukataa kipimo kinachohitajika nako ni hatari.

Suluhisho ni kuipanga mashine kwa mwili wa mtoto. Mwili mdogo hupenywa kwa urahisi, kwa hiyo nguvu ya mionzi hupunguzwa na picha bado husomeka. Hupigwa sehemu inayohitajika tu, na mara moja ikitosha hairudiwi. Sisi tulielewa upesi: hukati gauni la mtoto kwa vipimo vya mama yake! Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walianzisha kampeni ya Image Gently kwa ajili ya jambo hilihili. Hapa kwetu, usalama wa mionzi unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Dada, ukiwa na mwanao hospitali, uliza kwa adabu:

- Je, kipimo hiki ni cha lazima sasa?
- Je, utrasaundi au MRI, ambazo hazitumii mionzi ya eksirei, zinaweza kutosha?
- Je, mashine imepangwa kwa umri na uzito wa mtoto?
- Je, picha alizopigwa awali zinaweza kutumika?

Zitunze picha hizo, zisirudiwe bila sababu. Na wewe bi harusi mpya, kama unahisi una mimba, sema mapema. Mwenzio amshike mtoto.

Bibi aliridhika, mtoto akapimwa. Alhamdulillah, hakukuwa na damu.

Mtoto ni amana. Mtume (S.A.W.) alifundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Allah. Kuuliza swali mbele ya mashine ni sehemu ya kumfunga ngamia huyo. Allah awalinde watoto wetu, na awajaalie maharusi wetu kizazi chema. Amin.